Kujinyenyekeza mbele za Mungu: naomba hatua za vitendo, si mahubiri

Sauti_ya_Besi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Kila ibada tunaambiwa "jinyenyekeze mbele za Mungu". Sawa. Ila Jumatatu saa 11 alfajiri, umekaa ukingoni mwa kitanda, unafanya nini hasa? Naomba msaada kwa mambo 3: sala ya peke yako iweje, mtu afungeje bila mfungo kugeuka maonyesho, na ukipangiwa kuongoza sala ufanyeje usije ukawa unasali ili watu wakusikie. Kwamba kiburi ni kibaya nalijua, wakuu, msinirudishe huko.

Mzee_wa_Usharika
Amina, mtumishi. Nichukue hilo la sala.

Usianze kwa kujichunguza. Mtu anapiga magoti, anajiuliza "hivi nina kiburi?", dakika 20 zinapita bado anajizungumzia mwenyewe. Anza na Zaburi ya 131, ina mistari 3 tu. Isome polepole mara 2. Ukifika "wala sijishughulishi na mambo makuu, wala na mambo yashindayo nguvu zangu", simama. Mtajie Mungu jambo moja la siku hiyo lililokushinda: majibu ya hospitali, deni, mtoto asiyesikia. Moja, kwa jina lake. Kisha nyamaza dakika 3. Yote isizidi robo saa.

Toba iache jioni, siku ikishakuwa na mambo ya kutubia. Na usitubu kwa jumla. "Nisamehe nilipokukosea kwa mawazo, maneno na matendo" ni sala nzuri ya kanisa zima, lakini ukiwa peke yako ni kichaka cha kujifichia. Sema: "Leo kikaoni nilimkatiza mwenzangu, kwa sababu nilitaka waone kwamba najua." Taja tendo, halafu sababu. Hiyo sababu ndiyo inayouma.

Ukimaliza, jipime kwa Luka 18, mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Farisayo alianza vizuri tu, "Ee Mungu, nakushukuru". Fuatilia maneno yake hadi mwisho: hakuna alichoomba. Dhambi alizitaja, ila zote za wengine. Mtoza ushuru alisema sentensi moja: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Basi jiulize umeomba nini, na umemtaja nani ili ujilinganishe naye.

Dada_Tabitha
Kwenye mfungo, tukumbuke Torati iliagiza siku 1 kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Farisayo yule alifunga mara 2 kwa juma. Ile ziada ndiyo ikawa mtaji wake wa kujisifia, kwa hiyo usikimbilie wingi wa siku.

Siku moja kwa wiki inatosha. Toka alfajiri mpaka saa 10 jioni, maji unakunywa. Oga, chana nywele, jipake mafuta mpaka midomoni, maana midomo iliyokauka nayo inatangaza. Mathayo 6:17 inasema hivyohivyo, "jipake mafuta kichwani, unawe uso". Kufungulia anza na uji mwepesi au papai, sahani ya wali ije baadaye. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, au aliye kwenye dawa asifunge chakula. Afunge simu au soda. Kukubali kwamba mwili wako una mpaka, huo nao ni unyenyekevu.

Panapokwama ni chai ya mwaliko. Usiseme "niko kwenye maombi", wala usidanganye kwamba tumbo linauma. Sema "asante mama, nitakula baadaye". Akisisitiza, na chapati ameshaweka mezani, kula. Mfungo utahamia kesho, aibu uliyompa mwenyeji haihami. Na jamani, zile status za "siku ya 7 ya mfungo"! Wamekwisha kupata thawabu yao.

Katekista_Kusini
Milele amina.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wamonaki wa Peramiho na Ndanda wanaifuata, ina sura ya 7 yenye ngazi 12 za unyenyekevu. Ya 1 ni kukumbuka saa zote kwamba Mungu anakuona. Kuinamisha kichwa na kutazama chini ni ya 12. Sisi tunaanzia huku mwisho: shingo imepinda, sauti ya taratibu, "mimi ni mdogo tu kwenu", halafu mtu asipotajwa kwenye shukrani za harusi, hasemeshwi wiki nzima.

Ngazi ya 6 ni kuridhika na kilicho duni. Kwa vitendo, chagua kazi 1 kwa wiki isiyo na shukrani: kufagia kanisa Jumamosi, kuosha vikombe vya jumuiya, kupanga viti. Fanya na uondoke kabla watu hawajafika. Ukikuta mwingine ameshafanya na wewe ukakasirika, basi ulikuwa unaitaka sifa, kufagia ilikuwa njia tu.

Halafu kuna upande mgumu zaidi. Kwenye Yohana 13, Yesu alipowaosha wanafunzi miguu, Petro hakukataa kuosha, alikataa kuoshwa. Wiki hii mwache mtu akusaidie bila kusema "acha, nitafanya mwenyewe".

Nuruni_Kigezi
Nyongeza kwa wanaotoka kwenye Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Kikristo ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. "Kutembea nuruni" ni kuungama wazi mbele ya ndugu, 1 Yohana 1:7. Inaponya sana, lakini inaharibika kirahisi: ushuhuda wa dhambi kubwa unakuwa nishani. Weka mipaka. Duara la kuungama lisipite duara la kosa: uliyemkosea mtu 1, mwendee huyo 1. Usitaje dhambi ya mwenzako ndani ya yako. Na ukiomba radhi, kata neno "lakini".

Mama_Tenzi
Kunyenyekea mbele za Mungu si kunyamaza mbele ya kiongozi asiyetaka kuulizwa mahesabu ya sadaka. Uliza, kwa adabu, kwenye kikao. Wala si kukataa kila wajibu kwa "mimi sifai". Musa alisema hivyo na hasira ya BWANA ikawaka juu yake, Kutoka 4:14, naye ndiye Hesabu 12:3 inamwita mpole kuliko wote.

Sauti_ya_Besi
Mbarikiwe sana. Bado la kuongoza sala. Na mtu akikusifia baada ya ibada?

Mzee_wa_Usharika
Mhubiri 5:2, maneno yako na yawe machache. Andaa mambo 3 ya kuombea, kila moja sentensi 2. Sali kwanza peke yako yale yale utakayosali mbele ya watu. Usimhubirie mtu ndani ya sala ("Bwana, unawaona wanaochelewa"), huyo unaongea naye yeye, si Mungu. Sauti ibaki ile unayoombea chumvi mezani.

Ukisifiwa, sema "asante", kisha muulize habari zake. "Mimi si kitu, ni Bwana tu" mara nyingi inamlazimisha mwenzako akusifie mara ya pili.

Sauti_ya_Besi
Nimeelewa. Nitafungua daftari, kila jioni najipa alama kati ya 10.

Dada_Tabitha
Alama ziondoe kaka, utaishia kuhesabu kama yule wa mara 2 kwa juma. Andika tarehe, tendo na sababu yake tu. Jumamosi jioni tubia yaliyomo, nenda kwa unayetakiwa kumwomba radhi, ukirudi chana huo ukurasa.