Singapore hadi New York, kilomita 15,300 kwa saa sita na nusu?

Mgeni wa Anga:
Wakuu, salaam. Juni nasafiri kutoka Changi kwenda JFK, moja kwa moja, na hesabu zimenishinda. Tovuti ya kupima umbali inasema kilomita 15,300. Nikagawa kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, nikapata saa 17. Tiketi inasema saa 18 na nusu. Tiketi hiyohiyo inasema naondoka tarehe 10, 23:35, nafika tarehe 11, 06:05. Si saa sita na nusu hizo? Kurudi ndiyo kichekesho: naondoka tarehe 14, 22:30, nafika tarehe 16 alfajiri. Na kazini nimeshaahidi tarehe 15 mchana nipo. Nishike ipi?

Dira:
Shika 18 na nusu, mkuu. Muda wa kuondoka ni wa Singapore, wa kufika ni wa New York, na Juni Singapore iko mbele kwa saa 12. Ukitua 06:05, kule ulikotoka ni 18:05 jioni. Sasa hesabu upya tangu 23:35. Kurudi, ukiruka tarehe 14 usiku, Singapore tayari ni asubuhi ya tarehe 15.

Mzee wa Tufe:
Ramani ya ukutani ndiyo inayotudanganya wengi. Chukua tufe na uzi, ncha moja ibane Singapore, nyingine New York, kisha uvute mpaka ukaze. Utapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini! Kwa digrii za longitudo, Singapore iko 104 mashariki, New York 74 magharibi. Jumla 178, karibu nusu duara, yaani wamepeana mgongo. Urefu wa uzi huo ndio 15,300 yako.

Ila rubani hafuati uzi. Wakitoka Singapore mara nyingi hukata Pasifiki, kwa sababu huko juu, kimo cha kilomita kumi hivi, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Njia inarefuka lakini upepo unasukuma. Juu ya hapo, muda wa tiketi unaanza ndege ikiachia geti, si ikiruka, na unaisha ikiegeshwa.

Kiti cha Dirishani:
Na siasa pia. Tangu 2022 ndege za Ulaya hazipiti anga ya Urusi. Helsinki–Tokyo ilikuwa saa tisa na nusu, ikapanda hadi kama 13. Uzi wa Mzee haujaongezeka hata inchi.

Nimeachwa Tena:
Nje kidogo ya mada: ukiona tiketi ya saa za 00 na kitu, soma tarehe mara mbili. Yangu iliandikwa tarehe 9, 00:20. Mimi nikaenda tarehe 9 usiku, begi limefungwa vizuri, hati mkononi. Dada wa kaunta akanitazama kwa huruma: ndege ilikuwa ya usiku wa kuamkia tarehe 9.

Dira:
Pole sana, ila nimecheka.

Mgeni wa Anga:
Asanteni wakuu. Nimempigia bosi, nimemwambia tarehe 16. Akauliza, "Sasa hiyo 15 utakuwa wapi?" Nikamjibu angani, kutwa nzima. Kanyamaza kidogo, kisha akaomba nimtumie tiketi aione mwenyewe.