Bango la shule linasema 1955, shosho anasema alisoma hapo kabla. Niandike mwaka gani?

Karani wa Kamati

Wadau, hamjambo. Kamati ya wazazi wa shule yetu ya msingi, huku Murang'a, imenibebesha kazi ya kuandika historia ya shule, kurasa nne tu, isomwe siku ya sherehe. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Shule ni ndogo, madarasa manane ya mawe na moja la mbao ambalo siku hizi ni stoo. Bango la langoni linasema IMEANZISHWA 1955. Rejista ya kwanza ya wanafunzi iliyoko ofisini nayo inaanza 1955. Kanisa linaloifadhili shule lina kijitabu chake, na humo wanasema ni wao walioijenga.

Tatizo ni shosho, yaani nyanya yangu. Nilipomsomea aya ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. Anasema 1955 ilipofika yeye alishamaliza kusoma hapo kitambo, na kwamba kakake mkubwa alibeba mawe ya msingi kutoka mtoni. Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. Akaniambia, "Mwaka? Ulikuwa mwaka wa kubeba mawe."

Mwenyekiti hataki maneno mengi, anasema nifuate bango. Nilifuate?

Mama Wawili

Fuata karatasi. Wazee wetu tunawaheshimu lakini kumbukumbu huchanganyika, huenda shosho anaongelea shule ya ng'ambo ya mto. Halafu siku hiyo mfadhili atakuwa ameketi mbele pamoja na mheshimiwa. Unataka kuanzisha ugomvi kwenye maikrofoni?

Mwalimu Mstaafu

Kijana, usilitupe hilo neno la shosho. Nimefundisha miaka 34, nimehamishwa shule sita, na tatu kati ya hizo zilikuwa na bango la kati ya 1953 na 1957. Hilo peke yake lingekushtua. Yaani watu wa Mkoa wa Kati waliamka kujenga shule katikati ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, kafyu usiku, mchana wanachimbishwa mahandaki, nyumba zao zinabomolewa wahamie vijijini kwa nguvu? Mwaka ulio kwenye bango mara nyingi ni mwaka shule ilipopata mwenyewe mpya.

1929 wamisheni, wale Waskoti wa vituo vya Kikuyu na Tumutumu, pamoja na wale wa Kijabe na wa Kambui, waliwataka waumini na walimu wao waahidi kuachana na tohara ya wasichana. Waliokubali walitia kidole gumba, wakaitwa kirore. Waliokataa wakaitwa aregi, na watoto wao wakajikuta nje ya darasa, ndipo wengi wakajijengea shule zao huru. Najua siku ya sherehe kuna atakayeuliza kama shule ilijengwa kutetea ukeketaji. Usimkwepe. Ukeketaji leo ni kosa la jinai, na ni vyema. Lakini ugomvi ule ulikuwa umebeba mizigo mingine, ardhi iliyochukuliwa, na swali la nani mwenye kauli juu ya shule. Tena shule huru ya Gituamba, huko huko kwenu Murang'a, ilikuwepo kabla ya mzozo huo kuzuka.

Miaka ya 30 shule hizi zikawa na vyama viwili. KISA, yaani chama cha shule huru za Wakikuyu, walikubali kufuata mtaala wa serikali, mradi waachiwe shule zao waziendeshe wenyewe. Karing'a, ambao wengi walikuwa Kiambu, walikuwa wagumu zaidi. Baba yangu alifundisha kwa Karing'a, kwa hivyo mnivumilie nikiwapendelea. Wote walitaka Kiingereza kianze mapema, maana wazazi walishaona kuwa barua ya kudai shamba haisomwi ikiandikwa kwa lugha ya nyumbani. Kilichokuwa haba ni walimu, ndiyo maana Januari 1939 wakafungua chuo cha walimu pale Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange aliyekuwa ametoka kusoma Marekani. Marika, yaani makundi ya waliotahiriwa pamoja, yalishindana kuchangia majengo yake. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza 1946, haikupita muda akawa mkuu wa chuo hicho.

Kisha Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na serikali ikazifunga shule hizi ikidai ndimo watu wanamolishwa kiapo cha Mau Mau. Githunguri pia ikafungwa. Zilizopata kufunguliwa tena zilifunguliwa chini ya misheni au bodi ya elimu ya wilaya, na mwenyewe mpya huanza na rejista mpya, ukurasa wa kwanza, nambari moja. Umeona sasa kwa nini yenu inaanzia pale inapoanzia?

Baba alinihadithia siku ya kufungwa. Askari hakuvunja hata kiti. Alimwamuru afute ubao, basi. Ulikuwa na hesabu za kugawanya. Baba akafuta, akatoka nje, akafungua kengele kwenye mti, kipande cha reli kama mkono wa mtu mzima, na usiku akakizika nyuma ya choo. Alisema kilichomuuma zaidi ni zile hesabu, maana watoto walikuwa bado hawajamaliza kunakili.

Sasa kazi yako. Usimuulize shosho mwaka, muulize njaa. Alikuwa darasa la ngapi wakati wa ng'aragu ya mianga, ile njaa ya muhogo ya 1943? Kakake ni wa rika gani? Ukipata matukio mawili ya kushikilia, mwaka utajileta wenyewe. Kisha panda matatu uende Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue, Nairobi, na usiombe faili za Murang'a. Omba za Fort Hall, maana ndilo jina ambalo wilaya yenu iliitwa na wakoloni. Mimi nilipoteza siku nzima kwa kutolijua hilo. Soma ripoti za kila mwaka za mkuu wa wilaya, ila ujue aliyeziandika alizitazama shule hizi kama moshi unaofuka kwa jirani. Karibu na nyumbani, ulizia wazee wa AIPCA, kanisa lililokua bega kwa bega na KISA. Wengine bado wana daftari za michango za baba zao, zimefungwa kwa kitambaa, na watakupa chai kwanza kabla ya kukuonyesha.

Mtu wa Ziwa

Na isionekane ni mambo ya Mkoa wa Kati pekee. Huku Nyanza, John Owalo alijitenga na wamisheni akaanzisha kanisa la Nomiya kabla hata ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na shule zake akajenga.

Mama Wawili

Mwalimu, nimekuelewa, narudisha nusu ya maneno yangu. Lakini 1955 si uongo. Kuna watu walifundisha na kusoma hapo kuanzia mwaka huo, na hilo kanisa liliweka mabati.

Mwalimu Mstaafu

Sawa kabisa, aandike yote mawili. Waliojenga, kisha waliokabidhiwa. Mabati wapewe mabati yao.

Karani wa Kamati

Nimerudi baada ya wiki mbili. Mwalimu, Mungu akubariki kwa hilo la njaa. Nilipotaja mianga tu, shosho aliketi wima. Alikuwa darasa la pili. Anakumbuka mwalimu akiwaruhusu kwenda nyumbani saa nne asubuhi kwa sababu watoto walikuwa wanasinzia kwa njaa, na yeye akilia kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kugonga kengele. Kwa hivyo 1943 shule ilikuwepo, na ilikuwa na zamu.

Halafu akataka apelekwe shuleni. Tukamshika mikono mpaka nyuma ya ile stoo ya mbao, akapiga piga chini kwa mkongojo, akaniambia nifyeke nyasi. Chini ya mbao kuna msingi wa mawe. Madarasa mengine yote ni ya mawe ya kuchongwa kutoka machimboni, yana pembe. Haya ni ya mviringo, laini, ya mtoni. Nimepita hapo tangu nikiwa darasa la kwanza na sijawahi kuinama.

Nilimwita mwenyekiti. Alichuchumaa na suti yake, akaligusa moja, akauliza nani waliyabeba. Shosho akaanza kuwataja kwa kufuata nyumba, kuanzia juu kwenye kilele akishuka hadi mtoni, na kila nyumba alitaja pia mke, maana anasema wanaume walibeba mawe lakini maji ya udongo yalibebwa na wanawake. Majina 38. Mmoja ni babu ya mwenyekiti.

Sasa swali jipya. Kurasa bado ni nne. Mwenyekiti ameshakubali 1955 isisimame peke yake, lakini anataka majina yaende mwisho kwa herufi ndogo. Shosho anataka yasomwe kwanza, kabla ya sala. Niyaweke wapi?

Mwalimu Mstaafu

Kwanza. Na kama muda hautoshi, punguza hotuba ya mheshimiwa.