Wikendi ya sanaa na thieta Nairobi: naomba mnipangie ratiba

Mpwani_Mtulivu
Wadau, hamjambo? Tunatoka Mombasa watu wawili kwa treni, tunafika Ijumaa na kurudi Jumapili. Tunataka maonyesho ya picha na tamthilia mbili, moja iwe ya Kiswahili ikipatikana. Orodha yangu: Makumbusho ya Taifa, galari za Nairobi Gallery, NCAI, One Off, Circle na Banana Hill, kisha thieta za Ukumbi wa Taifa (Kenya National Theatre) na Phoenix. Nimezigawa tatu tatu kwa siku. Itawezekana? Na tukinunua mchoro, tuusafirishe vipi? Hoteli bado hatujalipia.

Nyuma_ya_Pazia
Phoenix ifute. Walipoteza ukumbi wao wa Professional Centre mwaka 2017, ila miongozo ya zamani mtandaoni bado inawataja.

Halafu anza na tiketi za tamthilia, picha zifuate. Picha hukaa ukutani wiki kadhaa, lakini mchezo wa Nairobi mara nyingi huonyeshwa wikendi moja tu, kisha jukwaa linavunjwa kwa kuwa ukumbi umekodishwa kundi jingine. Wiki mbili kabla ya safari, pitia kurasa za Ukumbi wa Taifa, Alliance Française (kituo cha utamaduni cha Ufaransa) na vikundi vyenyewe. Jumamosi na Jumapili huwa kuna maonyesho mawili, la alasiri na la jioni. Chukueni la jioni Jumamosi na la alasiri Jumapili, treni iwangoje.

Kuhusu Kiswahili: vichekesho vya kundi la Heartstrings huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na mtu wa pwani atafuata bila shida. Ukiona tangazo la tamthilia ya Kiswahili safi asubuhi siku ya kazi, yaelekea ni kitabu teule cha sekondari na ukumbi utajaa wanafunzi. Mchezo unaweza kuwa mzuri, ila usitarajie utulivu.

Lipeni kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe. Namba ya malipo ichukueni kwenye ukurasa wa kundi, si kwenye bango lililozungushwa WhatsApp, na msome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe msiufute, ndio unaoonyeshwa mlangoni.

Rangi_Mbichi
Tatu tatu kwa siku si tatizo. Tatizo ni kuchanganya pande za jiji. Kutoka Lavington hadi Rosslyn halafu mjini, Jumamosi mchana, mtatazama bampa za magari kuliko picha. Gawanyeni kwa barabara, hivi:

Mjini kwa miguu. Nairobi Gallery iko pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, kwenye jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais: picha, vitambaa, vito, hata stempu. Saa moja na nusu haitoshi kwa anayesoma vibao. Ukitoka hapo, Alliance Française na Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani, ziko karibu karibu, Loita Street na Monrovia Street, na kuingia kwenye maonyesho yao ni bure. Endelea hadi Harry Thuku Road, Ukumbi wa Taifa huo hapo, umefunguliwa tangu 1952, mkabala na hoteli ya Norfolk. Makumbusho ya Taifa yako juu kidogo, Museum Hill. Sehemu hizi zote hazihitaji gari mchana. Usiku baada ya mchezo iteni teksi mkiwa ndani ya lango.

Siku ya pili ni Limuru Road. NCAI, taasisi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, iko Rosslyn Riviera, na kiingilio ni bure. One Off iko mtaa wa Rosslyn Lone Tree, ina sanamu bustanini, kwa hiyo mvua ikinyesha mtakosa sehemu yake nzuri. Matatu namba 106 inapita barabara hiyo na kuendelea Ruaka hadi Banana, ndipo ilipo Banana Hill Art Gallery.

Circle iko James Gichuru Road, upande mwingine kabisa. Ningeiacha, isipokuwa kama onyesho la wakati huo ndilo mnalolitaka hasa.

Pigeni simu kabla ya kutoka. Kati ya onyesho na onyesho galari hufungwa siku kadhaa kushusha kazi, kuziba matundu, kupaka ukuta na kutundika upya, na ramani ya simu itaendelea kukuambia pako wazi. Ukikuta wanafungua onyesho jipya jioni hiyo, nenda. Wasanii wenyewe huwa wapo.

Dada_wa_Ngara
Makumbusho wanapokea malipo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fungueni akaunti mkiwa nyumbani, na mbebe vitambulisho, la sivyo hamtapata bei ya raia. Na sweta! Juni hadi Agosti Nairobi si Mombasa.

Mpwani_Mtulivu
Shukrani. Treni ya saa tisa alasiri itatufaa Ijumaa? Na hoteli upande gani?

Nyuma_ya_Pazia
Hiyo inaingia stesheni ya Nairobi, kule Syokimau, usiku, mchezo wa Ijumaa mtausikia kwenye bomba. Pandeni ya saa mbili asubuhi, mfike alasiri mapema. Kutoka stesheni kuna treni ndogo ya kuunganisha hadi mjini. Mkichukua teksi, mwambieni dereva apite Expressway ashukie Museum Hill, ushuru wa barabara mtaulipa nyinyi. Hoteli tafuteni kati ya University Way na Kenyatta Avenue. Jumapili rudini na ya saa nne usiku. Mchezo wa alasiri ukimalizika, elekeeni Syokimau moja kwa moja maana kuna ukaguzi wa mizigo, na foleni yake haina haraka.

Rangi_Mbichi
Mchoro: ombeni uvuliwe kwenye fremu ya mbao na kuviringishwa, rangi ikiwa upande wa NJE. Wengi huweka rangi ndani wakidhani wanailinda. Ndani rangi hubanwa na kukunjamana, na turubai ikinyooshwa hupasuka. Bomba la kuviringishia liwe pana, kipenyo cha sentimita 10 kwenda juu, lile jembamba la ramani halifai. Funika uso kwa karatasi laini isiyo na asidi, si gazeti, wino wake huhamia. Rangi ya mafuta ya mwezi huu msiiviringishe kabisa, wala ile iliyorundikwa kwa kisu: hiyo isafiri bapa, kati ya kadibodi mbili.

Ombeni pia risiti na cheti chenye jina la msanii, kichwa cha kazi, mwaka, vipimo na aina ya rangi. Na kama kuna kidoti chekundu kando ya picha, imeshapata mwenyewe. Mkifika nyumbani, picha mliyoviringisha ifungueni siku hiyohiyo, muilaze kifudifudi juu ya shuka safi usiku kucha kabla ya kumpelekea fundi wa fremu.