Fungeni mbwa wenu! Sheria ipo Nairobi, na watoto wetu bado wanaumwa

Wadau, nimechoka na hii tabia ya kuachilia mbwa ovyo mitaani na leo nitaisema yote. Sizungumzii mbwa koko wa jaa la taka peke yao. Nazungumzia mbwa mwenye kola shingoni, mwenye jina, anayekula kwa mtu na kulala kwa mtu, ambaye geti lake lina kibao kikubwa cha "Mbwa Kali". Alfajiri geti likifunguliwa tu, wanatoka mbio watatu wanne, na mwenyewe anarudi kitandani. Wanapasua mifuko ya taka ya watu, wanakunya milangoni pa majirani, wanakimbiza kila bodaboda inayopita, halafu jua likishachomoza wanarudi wenyewe kudai chakula. Kwa huyo bwana, hapo amewatembeza mbwa wake.

Hebu angalieni ni saa ngapi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, watu wako njiani zamani. Watoto wamesimama kandokando ya barabara wanangoja basi la shule, gizani. Mama mboga anarudi kutoka soko la Marikiti na gunia lake. Soja wa usiku anatoka zamu. Vijana wa mjengo na wa viwandani wanaelekea Industrial Area kwa miguu kwa sababu nauli ya asubuhi imepanda. Hawa ndio wanaoumwa. Mwenye mbwa yeye akitoka anatoka ndani ya gari, vioo vimepandishwa juu.

Mtoto wa jirani yangu, msichana wa gredi ya tatu, ameumwa hivi majuzi akingoja basi. Hakuchokoza mtu wala mbwa. Alikuwa ameshika chupa ya maji na mkoba mgongoni, mbwa wawili wakaja wanakimbizana, wa tatu nyuma yao akamrukia mguuni. Nilifika mama yake akiwa ameketi chini kwenye vumbi amempakata. Soksi ya shule ilikuwa imeingia na jino ndani ya nyama ya muundi, na ilibidi aivute polepole, uzi baada ya uzi, mtoto akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja kwa nia njema akaleta mafuta ya taa ammiminie. Mwingine akasema tumbaku. Tukawazuia, tukampeleka mtoto bombani.

Na hili naomba lisomwe hata na asiyetaka kusoma mengine yote: ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usikose hata moja, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, kahawa wala majivu. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na sabuni inaviua vingi kabla havijashika njia ya mishipa ya fahamu. Baada ya hapo ni chanjo, si sindano moja ya pepopunda unayopewa ukaambiwa nenda nyumbani. Utaratibu wa sindano za msuli tunaoujua ni siku unayoanza, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kidonda kibaya kinadungwa pia dawa ya kingamwili papo hapo penye jeraha. Usingoje kuona kama utaugua. Mara nyingi ugonjwa huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza, na dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna tiba ya kumrudisha.

Sasa rudini kwa yule mama. Hospitali ya umma tuliyoanzia chanjo haikuwepo. Tukaandikiwa tukanunue duka la dawa, turudi nayo tudungiwe. Yule mama anauza nguo za mitumba, na siku ya kwanza peke yake ilimla akiba ya kodi ya nyumba. Mwenye mbwa tulipomwendea akatoka na malapa, akasimama ndani ya geti lake, akasema, "Mama, pole, lakini huyu mbwa hang'ati mtu. Huyo mtoto lazima alikimbia."

Mama akamjibu, "Baba, mimi sikuja kugombana. Nionyeshe tu kadi ya chanjo ya mbwa, daktari anaiuliza."

"Iko mahali humu ndani. Nitaitafuta."

Hadi naandika hapa haijapatikana. Na mnajua kwa nini ile kadi ni muhimu? Kwa sababu daktari akijua mbwa amechanjwa, na mbwa akafungwa akatazamwa kwa siku 10 akabaki mzima, yule mtoto anaweza kuondolewa sindano zilizobaki. Mbwa huyu kesho yake alfajiri alikuwa nje tena. Kesho yake, wadau! Hakufungwa hata hiyo siku moja ya aibu.

Kituo cha polisi tukaandikisha, tukapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Afisa akatuambia kwa upole kwamba mambo ya mbwa ni ya kaunti. Ofisi tuliyoelekezwa ya upande wa kaunti wakatuuliza kama tumeshaenda polisi. Hapo ndipo damu ilipochemka, nikaenda kuzisoma sheria mwenyewe, na niliyoyakuta ndiyo yamenifanya nifungue uzi huu.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inapoorodhesha kazi za serikali za kaunti, ya sita ni udhibiti na ustawi wa wanyama, na ya kwanza kutajwa chini yake ni utoaji wa leseni za mbwa. Imeandikwa kwenye Katiba yenyewe, jameni, si kijisheria cha kujificha kabatini. Nairobi ikaenda mbele ikatunga sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015. Mbwa awe na leseni. Mbwa akiwa mahali pa umma awe amefungwa kamba na yuko mikononi mwa mtu, asiachwe azurure. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243, inamhesabu kuwa na kosa mtu anayepuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama aliye naye. Kwa hiyo yule afisa aliyesema ni mambo ya kaunti, hapana, ni yake pia.

Ukosefu wa sheria si tatizo letu. Tatizo letu ni kwamba wanaopaswa kuitekeleza hawaanzi kazi mpaka damu imwagike, na ikimwagika wanaanza kuulizana ni ya nani. Kanjo, hawa askari wa kaunti, tunawajua. Mama akitandaza sukuma wiki kwenye gunia mahali pasiporuhusiwa, wanafika kabla hajauza fungu la kwanza. Ukiegesha gari bila kulipa, mnyororo uko kwenye gurudumu. Wao hao hao wanapitana na kundi la mbwa sita wenye kola katikati ya barabara, na simjui mtu hata mmoja mtaani kwetu aliyewahi kuulizwa leseni ya mbwa. Wafugaji wenyewe ukiwatajia leseni wanashangaa kwamba kuna kitu kama hicho.

Kuna watakaokuja hapa kusema mtaa una wezi, tunahitaji mbwa. Nakubali. Nyumba zimevunjwa kwetu pia, na mbwa anayebweka usiku amewaokoa watu wengi. Lakini mbwa wa ulinzi analinda ndani ya ua. Akiwa barabarani analinda nini? Tena tazameni anavyofugwa. Mchana kutwa amefungiwa kwenye kibanda cha mabati ambacho hata kugeuka hawezi, jua la saa saba linachoma juu yake, bakuli la maji limekauka, chakula chake ni ugali mkavu na maji ya omena. Hajawahi kuguswa kwa upole na mtu yeyote isipokuwa kijana wa kazi anayemrushia chakula. Ukimfungulia mnyama wa namna hiyo saa kumi na moja alfajiri, unategemea atamwonaje mtoto anayepita? Simchukii mbwa mimi. Namwonea huruma, na hasira yangu yote ni ya mwenye geti.

Na hao mnaowaita koko, wametoka wapi? Mbwa hamei kwenye jaa la taka. Mwenye jike hataki gharama ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo akafungwe uzazi. Akishika joto, madume ya mitaa minne yanahamia mlangoni pake, zaidi ya wiki nzima hakuna kupita ile njia, yanapigana usiku kucha, na kipindi hicho hata mbwa mpole anang'ata. Miezi miwili baadaye kuna vitoto saba. Viwili vya kiume vinagawiwa marafiki, vilivyobaki vinatiwa gunia na kwenda kumwagwa usiku karibu na mto au nyuma ya bucha. Vinavyopona ndivyo hivyo tunavyopigia mawe mwaka unaofuata. Bucha nazo zinatupa mifupa wazi, taka zinakaa wiki haijazolewa, chakula kipo tele. Basi tunashangaa nini?

Hapa kuna kundi lingine la watu sitaki kulinyamazia, wale wa "tuwawekee sumu tumalizane." Mtaa wa pili walifanya. Nyama ilitupwa usiku, asubuhi kulikuwa na mizoga mitatu, mmoja ni wa paka wa bibi kizee, na watoto wakawa wanaishika kwa vijiti. Ni ukatili, Sura ya 360 inakataza kuwatesa wanyama, na zaidi ya yote haifanyi kazi. Ukiua mbwa wa mtaa bila kugusa taka na bila kugusa wenye mageti, nafasi inajazwa na wageni ambao hakuna anayejua kama wamechanjwa. Kinachozima kichaa cha mbwa, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likilisema miaka nenda rudi, ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote mahali fulani, mwaka baada ya mwaka. Kenya yenyewe ilizindua mkakati wake mwaka 2014 ikalenga kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa wakati huo ni hadi vifo 2,000 kwa mwaka nchini, wengi wao watoto. Na kwa taarifa yenu, mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huu Kenya alipatikana viungani mwa Nairobi hii hii, mwaka 1912. Zaidi ya karne moja, na bado mama anatafuta chanjo duka hadi duka na mtoto mgongoni!

Msiniambie pia kwamba Wakenya hawawezi kufuata kanuni ya kamba. Nendeni msitu wa Karura Jumamosi asubuhi. Mbwa wamejaa, wakubwa kwa wadogo, na kanuni ni kamba muda wote. Watu wanafuata. Wanajua wakikaidi askari wa msitu watawaambia. Jirani yangu mmoja ana mbwa mkubwa wa Kijerumani, akimpeleka Karura anamvisha kamba nyekundu nzuri kabisa, ameipiga picha hadi kwenye statasi. Akirudi mtaani kamba inatundikwa msumarini, mbwa anaachiwa. Kwa hiyo anajua. Wote wanajua. Tofauti ni kwamba kule kuna wa kumuuliza na huku hakuna.

Kwa hiyo mimi sitaki mkutano mwingine wa kuambiana "tuwe majirani wema." Tumeshaufanya huo, tukanywa soda, tukaondoka. Nataka orodha ya leseni za mbwa ya kila wadi iwe mahali raia anaweza kuiona. Nataka siku ya chanjo ya bure itangazwe kwa kipaza sauti mitaani kama wanavyotangaza chanjo ya polio, si tangazo la mtandaoni linaloonwa siku imeshapita. Nataka mbwa aliyeuma mtu achukuliwe siku hiyo atazamwe zile siku 10, na gharama yote ya sindano ilipwe na mwenye mbwa, si na muuza mitumba. Na faini itozwe hata kama hakuna aliyeumwa, kwa sababu kosa ni kumwachilia, kuuma ni matokeo tu.

Kwetu tumeanza. Kila anayeumwa au kukimbizwa anapigwa picha ya jeraha na ya mbwa, tunaandika saa na geti alikotoka, tunachukua OB bila kukubali kurudishwa, tunajaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, na yote yanakwenda kwa MCA, mwakilishi wa wadi yetu, pamoja na barua yenye sahihi za wapangaji. Yule mama amekubali kuwa wa kwanza kwenye faili, na kuna wakili anayeishi mtaani aliyekubali kumwandikia mwenye mbwa barua ya madai bila malipo.

Ninachoomba hapa ni kwa wale wa Umoja, Kayole, Donholm, South B, Kahawa West, Lang'ata na kwingineko: kama umewahi kuona mtu akitozwa faini Nairobi kwa kuachilia mbwa, andika hapa chini ni mwaka gani na ni ofisi gani ilisimamia, tuipeleke kwenye faili letu. Na kama umeumwa ukazungushwa kama tulivyozungushwa, andika pia. Wenye mageti mnaosoma kimyakimya, kesho alfajiri tutakuwa barabarani na simu zetu.