Tupeane uzoefu: nani alijifunza Kiingereza kwa maneno ya kinyume?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu, katokea shule ya msingi ya serikali ambako kila somo lilikuwa kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Sasa jiografia, biolojia, hesabu, vyote kwa Kiingereza. Jioni nakaa naye na daftari, na njia iliyomwingia vizuri ni ya vinyume. "Inhale" na "exhale" alizishika kwa kuvuta pumzi na kuitoa palepale. "Evaporate" na "condense" tulizipata jikoni: mvuke unapanda kutoka kwenye sufuria ya chai, ukifunua mfuniko unaukuta umejaa matone kwa ndani. Hayo hayasahau tena. Ila kuna jozi nyingine kila siku anazigeuza, ya kushoto anaipeleka kulia. Mliopita njia hii, na walimu mliomo humu, mwageni uzoefu.

Wakala_Mbagala
Mimi darasa langu ni kibanda cha kutuma na kutoa pesa. "Deposit" anayeweka, "withdraw" anayetoa. Ukikosea hapo pesa yako ndiyo inayopotea, kwa hiyo neno linaingia na kukaa. Mpe dogo maneno yenye kazi mkononi.

Mwalimu_wa_Kata
Mleta uzi, nafundisha Kiingereza sekondari ya kata, na hilo la kugeuza jozi naliona kila mwaka. Sababu kubwa ni kumpa mtoto maneno mawili mapya kwa siku moja. Yanaingia pamoja, yanafanana mazingira, na kichwa kinabaki kinajua kwamba ni jozi bila kujua lipi ni lipi. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati huko New Zealand, aliandika mwaka 2000 akitahadharisha jambo hilihili. Fundisha moja kwanza, likae, kisha ulete mwenzake.

Chukua "borrow" na "lend". Wanafunzi wetu wengi husema "borrow me your pen", na ukiangalia utaona wametoa wapi: kwetu "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja kwa pande zote mbili. Mimi wiki nzima nabaki na "borrow" tu. Anayechukua kitabu maktaba, anayechukua rula ya jirani, wote wana-"borrow". Likishakuwa lao, ndipo naleta "lend" kwa yule anayetoa.

La pili, anzia kwenye vinyume ambavyo mtoto anavyo tayari. Andika: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, pakia, pakua. Muulize anasikia nini mwishoni. Atakwambia mwenyewe kwamba "-ua" inatengua. Hapo weka pembeni yake: tie, untie, fold, unfold, block, unblock, load, unload. Kiingereza kinatengulia mbele ya neno, sisi tunatengulia nyuma. Darasa langu likiliona hilo, "un-" inaacha kuwa kitu cha kukariri. Mwonye tu kwamba "nunua" na "chukua" hazitengui chochote, kama ambavyo "uncle" na "under" hazina kinyume ndani yake.

Mleta uzi
Shikamoo mwalimu, ubarikiwe sana. Na hizi "im-", "il-", "ir-"? Anauliza kwa nini zisiwe moja.

Mwalimu_wa_Kata
Marahaba. Asili yake ni moja, "in-", inafuata herufi iliyo mbele yake. Mbele ya p, b na m inakuwa "im-": impossible, imbalance, immature. Mbele ya l ni "illegal", mbele ya r ni "irregular". Mwambie aseme "inpossible" harakaharaka, midomo ikijiandaa kufunga kwa ajili ya p, n inageuka m yenyewe. Kiswahili kinafanya vilevile: nyumba ndogo, nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya.

Mshonaji_Unguja
Mimi nashona Mji Mkongwe, wateja wangu wengi wageni. Skuli nilifundishwa kila neno lina kinyume kimoja. Cherehani ikanifunza vingine. Gauni ni "short", kinyume chake "long". Mtu mwenyewe ni "short", kinyume chake "tall". Na "light" ndiyo kabisa: mteja akikishika kitambaa mkononi akasema "light", anazungumzia uzito, basi kinyume ni "heavy". Akikitazama kwa mbali akasema "light", anazungumzia rangi, kinyume ni "dark". Nikijibu kwa kinyume kisichohusika nitamkatia kitambaa ambacho hakukitaka. Kwa hiyo mdogo wako asiandike "light" peke yake kwenye daftari. Aandike "light cloth, heavy cloth", kisha mstari mwengine "light blue, dark blue".

Fundi_Rangi
Naomba walimu mlisisitize hili kwa sababu ni la usalama. Kwenye makopo ya thinner utakuta "inflammable". Kijana niliyekuwa naye saiti alikuwa anajua "in-" inakanusha, akahitimisha kwamba thinner haishiki moto, akaliweka kopo karibu na jiko la mkaa. Nililiwahi. "Flammable" na "inflammable" zote maana yake inashika moto upesi. "In-" ya hapo haikanushi, neno limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto.

Mwalimu_wa_Kata
Fundi, asante sana kwa hilo. Kwenye kundi hilo ongeza "invaluable". Si kitu kisicho na thamani, ni kitu cha thamani kubwa mno hata huwezi kukitajia bei. Mwanafunzi akiambiwa "your help was invaluable" ajue amesifiwa.

Mleta uzi
Nimeyanakili yote. Mshonaji, daftari tunalipanga upya leo kwa mistari kama uliyosema. Waliosoma sayansi, bado nawasubiri: leteni jozi za fizikia na kemia zinazomsumbua mtoto wa kidato cha kwanza, na mlizionesha kwa kitu gani cha nyumbani.