Nataka uafisa UPDF, jeshi la Uganda, nikiwa na digrii, ada nitatoa wapi?

Kijana wa Arua
Wakubwa, salamu. Nimemaliza S.6 (kidato cha sita), fizikia na hisabati zimekaa vizuri. Ndoto yangu ni uafisa, ila nataka niingie na digrii mkononi. Baba analima muhogo, nyumbani tuko saba. Binamu yangu aliyezaliwa Marekani yuko ROTC, mafunzo ya uafisa ndani ya vyuo vikuu vya huko, jeshi linamlipia chuo. Mimi nimejaribu huko nikakwama. Sasa kuna jamaa mjini anataka milioni mbili anipenyeze kozi ya kadeti, ile ya kufunza maafisa wapya, na mzee ameshaanza kumtazama ng'ombe. Hakuna njia nyingine?

Sajini Mstaafu
Ng'ombe arudi zizini! Kabamba, chuo cha kadeti, hakuna ada. Kadeti hulishwa na kuvishwa na serikali, yeye anatoa jasho tu. Nafasi hutangazwa, unaanza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, unapanda mpaka wilayani. Hiyo milioni mbili inaingia wapi hapo? Jirani yangu aliuza kiwanja kwa maneno kama hayo. Siku ya usaili jina halikuwepo, na simu ya jamaa ikawa haipatikani.

Nyange
ROTC usijilaumu, ufadhili wake unataka uraia wa Marekani. Hata Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, Mganda hupelekwa na jeshi lake, hajipeleki.

Mama Pasi
Mwanangu, tafuta pesa ya digrii, ya kadeti achana nayo. Mkopo wa HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unalipa ada kwa kozi za sayansi, na masomo yako yanafaa. Lakini haulipi chakula wala chumba. Wangu alikwama hapo: ada imelipwa, tumbo halijalipwa, na Kampala hata maji ya kunywa ni pesa. Wewe Chuo Kikuu cha Muni kiko mlangoni, utalala kwenu na muhogo wa baba utakula. Omba pia nafasi ya kusomeshwa na serikali kupitia kwota ya wilaya, yaani mgawo wa nafasi wa wilaya yenu. Usingoje moja ijibiwe ndipo uombe nyingine.

Kijana wa Arua
Asante mama. Nikisoma miaka yote hiyo, umri hautanipita?

Sajini Mstaafu
Hapo umeuliza la maana. Kila tangazo lina ukomo wa umri, usome kabla ya kupanga lolote. Likitoka mwaka huu na alama zako zinatosha, nenda na S.6 yako. Wengine tuliowapigia saluti waliingia hivyohivyo.

Kijana wa Arua
Nimemsomea mzee. Amecheka, kisha akaniuliza fomu za mkopo zinatoka lini.