Naomba ushauri: mbolea ya ruzuku na usajili wa marehemu baba
Ndugu zangu, mimi niko Nairobi, lakini mama yangu analima ekari mbili za mahindi huko Trans Nzoia. Shamba lilisajiliwa kwa jina na nambari ya simu ya marehemu baba, hivyo ujumbe wa kununulia mbolea ya ruzuku, ambayo bei yake ilishushwa Agosti 2023 hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, unatumwa kwenye laini iliyokwisha kufungwa. Juzi alirauka, akapanga foleni ghalani, kitambulisho cha baba kikiwa kimefungwa kwenye leso, akarudishwa mikono mitupu. Imeniuma sana. Je, chifu anaweza kumsajili upya kwa jina lake kabla ya mirathi kukamilika, na aende na stakabadhi zipi? Mvua ya kupandia imekaribia.